Kuni za Mama Mkwe

Guangzhou,
27 Januari 2008

Mpendwa Shangazi Albina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na mbuzi wako mwenye hasira na majirani wote wa Tandala wanaostahili salamu. Wasiostahili unawajua mwenyewe. Mimi mwanao ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Kwenda chini sina uhakika, maana miguu siisikii tangu juzi.

Niliwatangazia watu kwamba Guangzhou ni joto kama Dar. Nafuta kauli. Mwaka huu imeingia baridi ambayo hata wenyeji wanaitazama kwa mdomo wazi. Treni zimekwama kwenye theluji huko kaskazini, na pale stesheni watu waliotaka kwenda kwao kula sikukuu wamejaa hadi barabarani, wamesimama na mabegi yao wanatetemeka. Sisi wa Makete tumezaliwa kwenye baridi, lakini kwetu moto uko jikoni na kila mtu anasogea. Hawa wenzetu wana ghorofa thelathini na hakuna pa kuotea. Sakafu vigae, ukuta vigae. Naishi kama mtu aliyepangishwa bafuni.

Laoban wangu pale Guangyuan Xilu, yaani bosi ninayenunua kwake nguo, ananiuzia majaketi akiwa amevaa mawili. Juzi tulikwenda kununua hita ya umeme, mimi na Tahir, yule Mzanzibari ninayeishi naye chumba kimoja hapa Dengfeng. Tahir anavaa sweta mbili chini ya kanzu, anaonekana kama gunia la mbata. Asubuhi tuliambiwa bei yake. Mchana tuliporudi na pesa, bei ilikuwa imepanda.

"Laoban, asubuhi hukusema hivi," Tahir akamlalamikia muuza hita.

"Asubuhi baridi ilikuwa ndogo," akajibiwa.

Jioni Tahir alipokwenda tena alikuta neno moja tu, mei you, yaani hakuna. Nilipata mbili kwa mtu mwingine, kwa bei ambayo sitaiandika kwa sababu utanipigia kelele hadi huku.

Sasa lengo la barua. Hita moja nimempa mwenzangu Mikaeli, anayerudi huko na mizigo, ampelekee mama mkwe wangu mtarajiwa. Najua mahari imekwisha na zimebaki kuni. Najua mila yetu: mchumba anakata kuni mwenyewe, anazibeba mwenyewe, anazishusha jikoni kwa mama mkwe kabla baridi haijakaza. Lakini Mikaeli ameniambia umeme umefika Tandala. Basi kwa nini mama wa watu avute moshi? Hii ni kuni ya kisasa. Unachomeka, unakaa. Mweleze Mama Benedicta hivyo kwa maneno yako mazuri, nawe unayo.

Msalimie mchumba wangu Flavia. Mwambie mwezi wa sita nipo hapo.

Mwanao,
Kassian

*

Tandala, Makete,
16 Machi 2008

Kwako Kassian mwanangu, mtu wa kisasa,

Marahaba. Sisi huku wazima. Mbuzi amezaa pacha, na hasira imeongezeka. Mzee wa ukoo amepona kikohozi na ameanza tena kusema watu, kwa hiyo tunajua kapona kweli. Sweta ulizotuma zimeuzika zote isipokuwa zile za rangi ya waridi zilizoandikwa maneno kifuani. Padri alinisomea mojawapo, kisha akaniomba nisizipange karibu na mlango wa kanisa.

Hita yako imefika. Mikaeli hakukudanganya, nguzo za umeme zimefika Tandala. Nguzo. Zimesimama kuanzia barabarani hadi shuleni, zimenyooka vizuri sana, na ndege wamefurahi. Waya haujaja. Ukimuuliza mwenyekiti anasema upo njiani, na njia hiyo sisi hatuijui.

Ila usidhani mama mkwe wako aliitupa. Mama Benedicta ni mwanamke wa heshima. Ameiweka sebuleni juu ya meza, ameifunika kitambaa cha kufuma, na waya wake ameuviringa vizuri ukaonekana kama mkia wa paka aliyelala. Wageni wakiingia wanasogeza viti karibu nayo kwa adabu. Juzi nilimkuta katekista ameinyooshea viganja. Nikamuuliza, "Unapata joto, Katekista?" Akasema, "Shangazi, ni imani."

Tumecheka, sasa nisikilize. Kuni mwaka huu ni janga. Msitu wa miti ya mbao umefungwa, walinzi hawataki kuona hata mtu akiokota kijiti, kwa hiyo Tandala nzima inategemea mabanzi ya kiwanda cha mbao. Na mabanzi yote anayanunua Robert, yule mwenye lori. Mzigo wa kichwa tulionunua mia tano mwaka jana, leo ni elfu na mia mbili, tena mbichi, unatoa machozi kuliko moto. Wajane wameanza kuchoma vitanda vya marehemu waume zao. Nasema kwa mzaha, lakini mmoja kachoma kweli. Hata baridi haijaanza.

Na huyo Robert amekuwa akipita kwa Mama Benedicta kumuuliza hali. Anauliza hali ya mama, macho yapo kwa Flavia. Mama naye si mjinga. Ameniambia mbele ya dada zake: "Albina, mwanao alituma pesa ya mahari, nikapokea. Alituma sanduku la umeme, nikalifunika. Kuni sikusema zitumwe. Nilisema aje nazo. Nikimpa mtu mwanangu nataka kumwona akitoka jasho uani kwangu angalau siku moja. Asipofanya hivyo kabla ya sikukuu ya Petro na Paulo, nitarudisha mahari."

Sikukuu hiyo ni mwisho wa Juni. Mikaeli anarudi huko wiki ijayo, atakupa barua hii mkononi. Umesema mwezi wa sita upo hapa. Nataka uandike tena, kwa mwandiko mkubwa.

Mimi Shangazi yako,
Albina

*

Guangzhou,
20 Aprili 2008

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo tena. Nawapongeza pacha wa mbuzi. Barua yako nimeipata na nimecheka peke yangu, maana Tahir hayupo, ameondoka. Mikaeli naye ameondoka ghafla kidogo, ndiyo sababu nakuandikia kwa posta. Samahani kama itachelewa.

Huku baridi imekwisha, sasa ni mvua na joto la unyevu. Kuta zinatoka jasho. Kwenye dari ya chumba changu kuna doa la maji ambalo mwezi uliopita lilikuwa kama yai na sasa linafanana na ramani ya Ruvuma. Jirani wa ghorofa ya juu ana mtoto anayejifunza kupiga filimbi. Ana wimbo mmoja na anakosea mahali palepale kila siku. Jirani wa mkono wa kulia anakaanga samaki saa tano asubuhi. Muthoni, dada wa Kikenya mwenye mgahawa hapa chini, ana huruma sana, ananitumia chakula kwenye ndoo kwa kamba hadi dirishani. Ni utaratibu mzuri, unaokoa muda.

Kuhusu biashara, mambo yanakwenda. Laoban anatuma mzigo kwa wakala wa mizigo pale Tianxiu Dasha, nami naagiza kwa simu. Siku hizi si lazima mtu kuzunguka.

Kuhusu Juni, Shangazi, kuna shughuli kidogo inayonibana. Si kwamba siji. Ila nimefikiri njia ya kumaliza jambo hili bila kusumbua mtu. Chukua pesa ya sweta zilizouzwa, mpe huyo Robert, anunuliwe Mama Benedicta lori zima la mabanzi makavu. Si mzigo mmoja, lori! Robert alipeleke kwa jina langu na vijana walishushe. Mchumba gani Makete amewahi kupeleka lori? Utaona watu watakavyozungumza.

Flavia mpe salamu zangu. Aliniandikia mwezi wa pili na sijamjibu, mwambie ni kazi.

Mwanao anayekupenda,
Kassian

*

Tandala,
18 Mei 2008

Kassian,

Marahaba. Wazima. Mbuzi mzima. Salamu zimekwisha.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko Injili ya Jumapili iliyopita. Kwanza niseme juu ya lori. Unataka nimpe Robert pesa zako, Robert apakie kuni zake, aendeshe lori lake, aingie uani kwa mama mkwe wako, ashuke mbele ya Flavia akiwa amekunja mikono ya shati, halafu aseme, "Hizi zimetoka kwa Kassian"? Mwanangu, ungemchumbia Flavia kwa niaba ya Robert ungefanya kitu gani zaidi? Nimeishi miaka mingi, nimeona wanaume wakinyang'anywa wachumba. Sijawahi kuona anayelipa nauli ya mnyang'anyi.

Pesa sijampa. Nimezifunga kwenye kanga na kanga nimeivaa.

Sasa jambo la pili. Mwezi wa kwanza uliniandikia habari za stesheni, za Guangyuan Xilu, za laoban mwenye majaketi mawili. Nikasema, kijana wangu anatembea huko. Mwezi wa nne unaniandikia dari. Unaniandikia doa, filimbi, na samaki wa jirani. Mkinga, mfanyabiashara, mtoto wa kaka yangu ambaye akiwa na miaka kumi alikuwa anauza njugu kwenye misiba, leo anaagiza mzigo kwa simu na kuvuta chakula kwa kamba kama ndoo ya kisimani? Na unaniambia unaokoa muda. Muda wa kufanyia nini, kumsikiliza mtoto wa filimbi?

Nimemuuliza Mikaeli, nilimfuata hadi Makambako. Nilisema, "Kassian ana nini?" Akasema, "Kassian mzima, Shangazi." Kisha akaniuliza bei ya viazi. Mikaeli hajawahi kulima kiazi maishani mwake. Nikamuuliza na yeye mbona harudi China, akasema anapumzika. Hapa watu wanasema viza zimekuwa ngumu kwa sababu ya michezo mikubwa itakayofanyika huko, na kwamba polisi wanasimamisha watu wa rangi yetu barabarani wakitaka pasi. Nimesikia na nimenyamaza. Mimi sijasoma sana lakini kujumlisha naweza.

Sitakuuliza, kwa sababu nikikuuliza kwa simu pale kilimani panaposhika mtandao unasema mtandao mbovu, na ukisema mtandao mbovu nakusikia vizuri kabisa. Nakwambia tu hali ilivyo. Mama Benedicta hajabadilisha neno. Flavia naye haulizi tena habari zako akija kwangu. Zamani alikuwa anauliza kabla hajakaa. Sasa ananisaidia kupukuchua mahindi, anaondoka. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Kama huwezi kuja, mwandikie msichana wa watu kwamba huji. Usimfunike kitambaa cha kufuma.

Shangazi yako

*

Tandala,
22 Juni 2008

Kassian,

Sina muda wa salamu, mikono imekufa ganzi. Leo asubuhi umande umeganda, maji kwenye ndoo tumevunja kwa mchi. Mzigo wa kuni umefika elfu mbili na watu wanaununua kimya kimya bila hata kutukana.

Hujajibu. Sijui kama barua yangu ilikufika na hii nayo naituma gizani. Jana Robert alileta lori kwa Mama Benedicta. Lori limejaa, mabanzi makavu yanalia kama ngoma ukiyagonga. Hakusema kuni ni za nini. Alishusha mwenyewe pamoja na vijana, akatoka jasho uani kama alivyotaka mama. Wanawake wote tulikuwa pale kwa sababu ya udaku, mimi nikiwa wa kwanza. Mama Benedicta akatazama kuni, akatazama moto utakaowaka hadi Septemba, nami nikaona moyo wake unalainika. Simlaumu. Kwa bei hii hata mimi ningelainika.

Akamwita Flavia aje kumshukuru mgeni. Flavia akatoka jikoni, akamshukuru vizuri kwa adabu, akampa maji ya kunawa. Kisha akamgeukia mama yake, mbele yetu sote: "Mama, kuni nzuri. Atakayeota moto wake ndiye aolewe." Akarudi jikoni.

Hata kuku wa uani waliona aibu. Robert akanawa tena mikono iliyokwisha kunawa. Lori lake liliondoka tupu na kuni hazikurudi, maana mama ni wa heshima lakini si wazimu.

Sasa unaona umenifikisha wapi? Angemkubali Robert ningekulilia siku mbili nikakusahau. Amekataa lori la kuni wakati wa barafu kwa ajili ya mwanaume anayejificha hata kwenye barua. Nimekasirika, Kassian. Nimekasirika sana na nimejivunia huyo mtoto mpaka nikalia njiani.

Albina

*

Dar es Salaam,
3 Julai 2008

Shangazi,

Shikamoo. Usishangae anwani. Niko Dar, Magomeni, kwa rafiki. Simu nimeiuza, kwa hiyo barua hii nampa kondakta wa basi la Makete.

Barua yako ya mwezi wa tano niliipata tarehe tisa Juni. Niliisoma chini ya lile doa. Viza yangu iliisha Machi, wakati ule Tahir alipoondoka. Yeye aliondoka siku yake ilipofika. Mimi nilisema nisubiri kidogo, labda watalegeza, mzigo mmoja tu utoke. Hawakulegeza. Polisi wakawa wanasimama pale kwenye mdomo wa mtaa na kupanda ngazi za majengo. Nikaacha kushuka mchana, kisha nikaacha kushuka kabisa. Niliona aibu kukuambia, wewe uliyemwambia kila mtu kwamba mwanao ni mtu wa China. Nilikuwa mtu wa chumba.

Ulipoandika habari za kitambaa cha kufuma, niliinuka nikafungua mlango. Nilimwuzia Muthoni vitu vyote, mzigo uliobaki nikamwachia laoban kwa bei ya kutupa, nikaenda polisi mwenyewe kwa miguu. Niliogopa sana, Shangazi. Pale kwenye mlango wao nilisimama mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Afisa alikuwa na mkalimani wa Kiingereza. "Umekaa bila viza muda wote huu. Kwa nini unajitokeza leo?"

"Nataka kurudi nyumbani."

"Kuna nini nyumbani?"

"Natakiwa kupeleka kuni kwa mama mkwe."

Mkalimani aliniuliza mara tatu kabla hajatafsiri. Afisa akaweka kalamu chini. "Kwenu hakuna gesi?"

Nikamwambia hakuna, umeme upo nguzo tu. Akawaita wenzake wawili waje wasikilize, nikasimulia tena, wakacheka wote, mmoja akasema mama mkwe wake alidai friji na bado hamsalimii. Nilidhani vicheko vitanisaidia. Hapana. Waliniweka ndani siku za kutosha, wakachukua faini, na kwenye pasi wamegonga muhuri wa kunizuia kurudi kwa miaka. Walifanya hivyo kwa upole sana.

Ndiyo maana Petro na Paulo imepita nikiwa bado ndani. Nilisikia kengele ya saa fulani siku ile, sijui ya kanisa au ya shule, nikasema, basi, mahari inarudishwa sasa hivi.

Sina duka, sina mzigo, China imekwisha. Nina begi moja na nauli ya kufika Makambako. Mwambie Flavia hivyo bila kupamba. Kama alikuwa anamsubiri tajiri, hayupo, na Robert bado ana lori. Kama ameshakubali, mpe hongera zangu, nami nitabaki huku nitafute kibarua. Sitakuja kumsumbua. Nijibu kwa kondakta huyuhuyu, anarudi Jumatatu, nitakuwa nikimsubiri stendi.

Kassian

*

Tandala,
6 Julai 2008

Kassian mwanangu,

Marahaba, mpumbavu wangu. Nimelia, nimemaliza, sitalia tena.

Mahari haijarudishwa. Mama Benedicta anasema alikuwa na mambo mengi wiki ile. Anaota moto tangu asubuhi hadi usiku, hayo ndiyo mambo yenyewe.

Barua yako Flavia ameisoma kabla yangu, kondakta alimkabidhi yeye kwa kuwa mimi nilikuwa sokoni. Amesoma habari za polisi, za muhuri, za begi moja. Alipomaliza aliikunja akaniuliza swali moja tu: "Shangazi, mabega yapo?"

Nikamwambia, alipoondoka alikuwa nayo.

"Basi aje," akasema, akaenda kunoa shoka.

Albina